Mstari wa Kumalizia: Riadha ya Nyanda za Kati na Uthabiti wa Mitihani ya Taifa

IKISIRI

Makala haya yanafafanua dhana ya uthabiti wa mitihani ya taifa kwa kutumia mifano ya michezo, hasa mbio za marathoni za wanariadha wawili wa nyanda za kati za Tanzania: Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, na Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida. Hoja kuu ni kwamba mstari wa kumalizia mbio hutoa hukumu ya haki hata pale tofauti ya washindani inapokuwa ndogo mno, kwa kuwa mbio huuliza nani ametangulia siku hiyo. Mtihani huuliza swali jingine: mtahiniwa ana uwezo gani kwa kawaida yake. Kwa hiyo mtihani hauna haki ya kuazima ukali wa mstari wa mbio bila kutangaza pia ukubwa wa kosa lake. Makala yanaishia kwa mapendekezo yanayohusu zaidi usahihishaji wa insha za Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Tangu Tanzania ilipojitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania kuundwa kwa sheria ya mwaka 1973, mijadala mingi kuhusu mitihani imejikita katika mambo mawili: yale yanayotahiniwa na wingi wa wanaofaulu. Swali la tatu, nalo ni kwa kiasi gani tunaweza kuitegemea alama yenyewe, halijapewa nafasi inayostahili. Sababu mojawapo ni kwamba swali hilo huwasilishwa kwa lugha ya takwimu, na wengi wetu tulioingia katika taaluma ya lugha na fasihi tuliiaga hisabati mapema. Hata hivyo ni sisi tunaotunga, tunaosahihisha na tunaofundisha kwa ajili ya mitihani hiyo.

Makala haya yanajaribu kulieleza swali hilo kwa kupitia michezo. Yapo mambo mawili yanayoufanya mlinganisho huu ufae. Kwanza, michezo na mitihani yote ni mifumo ya kupima, kupanga na kutoa tuzo mbele ya umma. Pili, mtazamaji wa kawaida wa michezo huelewa vizuri, bila kufundishwa, kwamba matokeo ya siku moja si lazima yawe picha kamili ya mchezaji. Hakuna shabiki anayeamini kwamba timu iliyofungwa mara moja ndiyo dhaifu kuliko zote. Lakini shabiki huyo huyo, akishika karatasi ya matokeo ya mwanawe, huisoma alama kana kwamba imechongwa katika jiwe.

Ni vyema kutofautisha istilahi mbili tangu mwanzo. Uthabiti ni kiasi ambacho matokeo ya kipimo yangebaki yale yale lau kipimo hicho kingerudiwa katika hali zinazofanana. Uhalali ni kiasi ambacho kipimo hupima kile kinachodaiwa kupimwa. Nadharia ya kale ya upimaji, iliyoasisiwa na Charles Spearman mwanzoni mwa karne ya ishirini, huieleza dhana ya uthabiti kwa mlinganyo mfupi: alama iliyopatikana ni alama halisi pamoja na kosa. Neno “kosa” hapa halina maana ya uzembe wa mtu. Maana yake ni jumla ya yote yaliyoipandisha au kuishusha alama siku hiyo pasipo kuhusiana na uwezo wenyewe: homa, usingizi, swali lililoangukia mada aliyoisoma jana, mkono mkali au mwepesi wa msahihishaji.

2.0 MBIO MOJA NA MBIO NYINGI

Katika marathoni ya Boston ya mwaka 1988, Juma Ikangaa alimaliza kwa saa 2:08:44. Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa amemaliza kwa saa 2:08:43. Baada ya kilomita 42.195, tofauti yao ilikuwa sekunde moja kati ya sekunde 7,723. Miaka 37 baadaye, tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alifika kwenye mstari wa mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Ilibidi picha ya kamera ya mstarini ichunguzwe ndipo Simbu atangazwe mshindi kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo.

Je, hukumu hizo mbili zilikuwa za haki? Bila shaka. Sheria ya mbio husema kwamba wa kwanza kufika ndiye mshindi, na chombo kilichotumika kilikuwa na uwezo wa kuona nani alifika kwanza. Lakini tuangalie kile ambacho hukumu hizo hazikusema. Hazikusema kwamba Hussein alikuwa mkimbiaji bora kuliko Ikangaa, wala kwamba Simbu ni bora kuliko Petros. Zilitamka juu ya tukio, si juu ya tabia ya kudumu ya mwanariadha.

Tukitaka kujua uwezo wa kudumu, hatuna budi kuzitazama mbio nyingi. Ikangaa alishika nafasi ya pili Boston mwaka 1988, tena mwaka 1989, na tena mwaka 1990. Na mnamo Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Mfululizo huo unatuambia jambo ambalo sekunde moja ya mwaka 1988 haikuweza kutuambia: kwamba alikuwa miongoni mwa wakimbiaji wachache kabisa wa juu duniani katika kipindi hicho, haidhuru nani alimtangulia siku gani.

Rekodi ya Simbu inafundisha zaidi kwa kuwa inapanda na kushuka. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, wa tatu katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, wa saba katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, wa 17 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, wa pili Boston mwezi Aprili 2025, na wa kwanza Tokyo mwezi Septemba mwaka huo huo. Ni kweli kwamba washindani, njia na hali ya hewa vilitofautiana, na umri na mazoezi hubadili mwili. Hata hivyo tujiulize: lau kanuni ingesema kwamba kila mkimbiaji atahukumiwa maisha yake yote kwa mbio moja tu, na mbio hiyo ikawa ya Paris, tungesema nini leo juu ya Simbu? Mtahiniwa wa kidato cha nne anayeketi katika chumba cha mtihani mwezi Novemba, wakati joto la Dodoma limepanda na mvua bado hazijatulia, yumo katika hali hiyo. Mbio yake ni moja.

3.0 IDADI YA VIPIMO

Michezo imelitatua tatizo hili kwa kuongeza idadi ya vipimo. Katika Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16, kila timu hucheza michezo 30. Timu dhaifu inaweza kuifunga timu bora mara moja, kwa penalti au kwa mpira uliomgonga beki ukabadili mwelekeo. Lakini bahati ya namna hiyo haidumu kwa michezo 30. Ndiyo maana bingwa wa ligi huheshimiwa kama timu bora ya msimu, ilhali bingwa wa mashindano ya mtoano huheshimiwa kwa kushinda kombe.

Wanasaikolojia Spearman na William Brown, kila mmoja kwa njia yake, walitoa mwaka 1910 kanuni inayoeleza jambo hili kwa hesabu. Kiwango cha uthabiti huanzia 0, yaani bahati tupu, hadi 1, yaani kipimo kisicho na kosa. Ikiwa kipimo kimoja kina uthabiti wa herufi u, na tukakirefusha mara n kwa vipimo vya aina ile ile, uthabiti mpya ni n mara u, ukigawanywa kwa jumla ya 1 na (n kutoa 1) mara u. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba swali moja la insha lina uthabiti wa 0.50. Maswali mawili ya namna hiyo yatakuwa na uthabiti wa 0.67, manne yatafikia 0.80, tisa yatafikia 0.90.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba mtihani wenye maswali machache, hata yakiwa mazuri namna gani, una hatari kubwa ya kuyumbishwa na bahati. La pili ni kwamba faida ya kuongeza maswali hupungua kadiri tunavyoendelea: kutoka swali moja hadi manne tunapata 0.30, lakini kutoka manne hadi tisa tunapata 0.10 tu. Uthabiti kamili haununuliki kwa bei yoyote, na mtunzi wa mtihani hana budi kuamua ni kosa kiasi gani atalikubali.

4.0 SAA NA MAJAJI

Michezo hugawanyika katika makundi mawili kwa namna ya kupima. Kuna ile inayopimwa kwa saa na futi, kama mbio na miruko, na kuna ile inayopimwa kwa macho ya majaji, kama ngumi na kupiga mbizi. Mitihani nayo ina mgawanyiko huo. Maswali ya kuchagua jibu hupimwa kwa saa, kwa maana kwamba wasahihishaji wawili hawawezi kutofautiana. Insha, uchambuzi wa shairi na ufupisho hupimwa kwa majaji.

Hatari ya majaji ilionekana wazi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Katika fainali ya ngumi, Roy Jones Jr. wa Marekani alihesabiwa makonde 86 yaliyomfikia mpinzani wake, Park Si-hun wa Korea Kusini, aliyefikisha makonde 32. Majaji watatu kati ya watano walimpa ushindi Park. Baada ya fedheha hiyo, Olimpiki ya mwaka 1992 ilitumia mfumo wa kuhesabu makonde kwa kompyuta. Mchezo wa kupiga mbizi ulifuata njia nyingine: majaji wanapokuwa saba, alama mbili za juu kabisa na mbili za chini kabisa huondolewa, na zile tatu za kati ndizo huhesabiwa. Njia ya kwanza hujaribu kumpunguzia jaji nafasi ya kuamua. Ya pili hukubali kwamba majaji hutofautiana, na kuifanya tofauti hiyo isimdhuru mshindani.

Wasomi wa Kiswahili wanapaswa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu somo letu lina majaji wengi kuliko saa. Msahihishaji mmoja huthamini msamiati na methali. Mwingine huthamini mpangilio wa hoja. Wa tatu huudhika kwa tahajia mbovu hata asiuone uzuri wa wazo. Huenda wote watatu wakawa waadilifu na wakatofautiana kwa alama nne au tano katika insha yenye alama 20. Mwongozo wa kusahihishia na kikao cha kuulinganisha kabla ya kazi kuanza hupunguza tofauti hiyo, lakini haviiondoi.

Baraza la Mitihani limechukua hatua zinazofaa kutambuliwa. Mtahiniwa huandika namba badala ya jina, na usahihishaji hufanywa kwa mnyororo, ambapo kila msahihishaji hushughulikia swali moja kisha karatasi huenda kwa mwenzake. Kwa utaratibu huo mtahiniwa hapati jaji mmoja kwa karatasi nzima. Ukali wa mmoja hufidiwa na wepesi wa mwingine. Hata hivyo insha moja bado huishia mikononi mwa jaji mmoja, na swali la insha ndilo lenye alama nyingi.

5.0 MSTARI WA DARAJA

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 45 hadi 64 ni C, na alama 30 hadi 44 ni D. Madaraja ya masomo saba bora hujumlishwa kwa pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 5: mwenye pointi 22 hadi 25 hupata daraja la tatu, na mwenye 26 hadi 33 hupata daraja la nne. Aidha, anayetaka kuendelea na kidato cha tano huhitaji kufaulu masomo matatu kwa kiwango cha C au zaidi. Kwa hiyo alama moja, kati ya 44 na 45, katika somo moja, inaweza kuamua kama kijana wa Bahi au Manyoni ataendelea na shule au atarudi nyumbani.

Ukubwa wa kosa la alama moja hukadiriwa kwa kipimo kiitwacho kosa sanifu la upimaji. Hupatikana kwa kuzidisha mkengeuko sanifu wa alama kwa kipeuo cha pili cha (1 kutoa uthabiti). Tuchukulie mtihani mzuri wenye uthabiti wa 0.91, na mkengeuko sanifu wa alama 15. Moja kutoa 0.91 ni 0.09, kipeuo chake cha pili ni 0.3, mara 15, tunapata 4.5. Maana yake ni kwamba mtahiniwa ambaye alama yake halisi ni 45, lau angeufanya mtihani huo mara nyingi, takribani mara mbili katika kila tatu angepata kati ya 40.5 na 49.5, na katika theluthi iliyobaki angetoka nje ya mipaka hiyo. Kwa maneno mengine, angepata D karibu mara nyingi sawa na C. Huu ni mtihani mzuri. Mtihani wa wastani una hali mbaya zaidi.

Hapa ndipo mlinganisho na mbio unapovunjika, na kuvunjika kwake kuna mafunzo. Sehemu tatu za mia za sekunde zilitosha Tokyo kwa sababu mbili: chombo kiliweza kuziona, na swali lilihusu tukio lenyewe. Katika mtihani, sababu zote mbili hazipo. Chombo chetu hakiwezi kuona tofauti ya alama moja, na swali letu halihusu nani aliandika vizuri zaidi asubuhi ile, bali nani anaweza kuendelea na masomo. Tunapotenganisha 44 na 45 tunatumia ukali wa kamera ya mstarini na macho ya mtu aliyesimama mbali uwanjani akiwa na saa ya mkono.

Tena, mstari wenyewe huwekwa na watu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba takribani asilimia 34 tu ya watahiniwa walifaulu. Baada ya tume iliyoundwa na Waziri Mkuu kuchunguza, Serikali ilitangaza Bungeni Dodoma mwezi Mei 2013 kwamba matokeo hayo yanafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011, badala ya utaratibu mpya wa mipaka ya madaraja isiyobadilika. Yalipotangazwa tena mwishoni mwa mwezi huo, waliofaulu walikuwa takribani asilimia 43. Watahiniwa walikuwa wale wale, na hawakuongeza hata neno moja katika majibu yao. Kilichohama ni mstari. Makala haya hayana nia ya kuhukumu ni utaratibu upi uliokuwa bora. Yanataka tu kuonyesha kwamba maelfu ya vijana waliitwa “walioshindwa” na kisha “waliofaulu” kwa kazi ile ile. Katika riadha, mstari huchorwa kabla ya bunduki kulia.

6.0 NJIA INAYOTEREMKA

Tatizo jingine ni kulinganisha mwaka na mwaka. Aprili 2011, Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia Boston kwa saa 2:03:02, muda mfupi kuliko wowote uliowahi kukimbiwa wakati huo. Haukukubaliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu njia ya Boston huteremka kupita kiwango kinachoruhusiwa, na mwanzo wake u mbali na mwisho, hivyo upepo unaweza kumsukuma mkimbiaji njia nzima. Riadha inakataa kulinganisha muda wa njia mbili kabla ya kujua umbo la njia hizo.

Sisi huandika bila wasiwasi kwamba ufaulu umepanda au umeshuka kwa asilimia kadhaa, pasipo kuuliza kama mtihani wa mwaka huu ulikuwa mteremko au mlima. Vivyo hivyo kwa orodha za shule bora: shule yenye vyumba, vitabu na walimu kamili haikimbii njia moja na shule ya kata isiyo na mwalimu wa hisabati. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora lilipotoa, Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022. Kwa upande wa uthabiti, uamuzi huo una mashiko, kwani kosa la upimaji haliruhusu kutenganisha wa kwanza na wa tatu.

Tusisahau pia kwamba saa nzuri inaweza kupima kitu kisichotakiwa. Mwaka 2012 Serikali ilibaini kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Karatasi za kuchagua jibu zilikuwa zimesahihishwa pasipo ubishi wa majaji. Uthabiti wa usahihishaji haukuzuia uhalali kupotea. Atakayekimbilia maswali ya kuchagua ili kuepuka ubishi wa insha akumbuke jambo hilo.

7.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na hoja zilizotangulia, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila insha ambayo alama ya karatasi yake imeangukia karibu na mpaka wa daraja isahihishwe mara ya pili na msahihishaji asiyejua alama ya kwanza. Kazi hii haihitaji kufanywa kwa karatasi zote. Inahitajika pale tu ambapo kosa linaweza kubadili hukumu.

Pili, kiwango cha uthabiti na kosa sanifu la kila karatasi vichapishwe pamoja na matokeo, kama vile orodha za riadha zinavyochapisha kasi ya upepo kando ya muda wa mbio fupi.

Tatu, ushahidi uwe zaidi ya mmoja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipinga kutegemea mtihani mmoja wa mwisho, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi shuleni yalianza kuhesabiwa. Wazo hilo lilikuwa sahihi kwa kanuni ya ligi. Udhaifu wake ni kwamba kila mwalimu ni mtunza saa wa njia yake mwenyewe, hivyo alama za shuleni zinahitaji kulinganishwa kwa utaratibu unaoeleweka kabla ya kujumlishwa.

Nne, idara za Kiswahili zifanye utafiti wa makubaliano ya wasahihishaji. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuchukua insha 50, kuwapa wasahihishaji watano wazoefu, na kupima tofauti zao. Hahitaji fedha nyingi, na matokeo yake yangetufaa kuliko malalamiko ya kila mwaka.

8.0 HITIMISHO

Makala yameonyesha kwamba mtihani na mbio hufanana katika kuweka mstari, ila hutofautiana katika kile ambacho mstari una haki ya kukisema. Ikangaa aliyepitwa kwa sekunde moja mwaka 1988 alirudi njiani mwaka uliofuata, na dunia ikaendelea kumhesabu miongoni mwa walio bora. Mtahiniwa aliyepungukiwa alama moja anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini nafasi ya shule ya Serikali aliyoikosa haimsubiri, na jina la “aliyeshindwa” humfuata kijijini. Wajibu wa mtahini si kuondoa kosa lote, kwa kuwa haliondoki. Wajibu wake ni kulijua kosa hilo, kulitaja, na kutomwachia mtoto alibebe peke yake.